Video ya Marehemu Mke Wangu Imezimwa Sauti, na Aliyeizima Nilimfundisha Mimi

Admin, nifichie jina langu na la kanisa letu. Nina miaka sabini na mbili, ni Mkongomani wa Kivu Kusini. Nilifundisha sekondari nyumbani, kisha katika kambi ya wakimbizi kule Kigoma. Sasa naishi Richfield, huku Marekani, na mjukuu wangu, ambaye ni muuguzi. Mke wangu alifariki baada ya sisi kufika jimbo hili la Minnesota. Kambini walimwita Mama Riziki, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, ambaye tulimzika njiani tukikimbia vita.

Mama Riziki alikuwa mtunzi wa kwaya. Hakuandika chochote. Alitunga akiwa kwenye foleni ya maji, jioni akawafundisha wenzake kwa mdomo. Wimbo mmoja aliutunga kwa ajili ya Riziki, na ubeti wa pili unamtaja kwa jina. Mgeni mmoja aliwarekodi kwa simu yangu wakiuimba, na tulipofika huku tukaiweka ile video kwenye chaneli ya kanisa mtandaoni. Simu ilishakufa zamani. Nakala nyingine sina.

Mwaka jana chaneli ilianza kupata maonyo, maana vijana wetu walikuwa wakiweka nyimbo za waimbaji wakubwa kwenye video za harusi na ubatizo. Mchungaji akaniambia, "Mwalimu, wewe unapenda kusoma. Zisome hizo sheria za hakimiliki, utufafanulie." Nikazisoma. Nikawa nawafundisha baada ya ibada, katika ukumbi tunaokodi kule New Hope.

Niliwaambia kwamba kuandika "wimbo huu si wangu" chini ya video hakukupi ruhusa. Ni kama kuchukua gari la jirani na kubandika karatasi kwenye kioo kwamba ni la jirani. Na hata kama huingizi pesa yoyote, mwenye wimbo bado ana haki ya kukukataza. Mama mmoja wa kwaya akauliza, "Mwalimu, wimbo wa injili ni wa Mungu. Kwani Roho Mtakatifu ana wakili?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikamjibu kwamba Roho hugusa, lakini kuna binadamu aliyekaa akatunga, na huyo ndiye anayeombwa. Nikaongeza neno ambalo leo linaniuma: mashine za mitandao hii hazijui nani alitunga, zinamjua aliyesajili. Basi wenye nyimbo zenu, rekodini mzisajili.

Aliyesikiliza kuliko wote ni kiongozi wa kwaya, nitamwita Daudi. Kambini alikuwa kijana mpiga ngoma wa kwaya ya mke wangu, na siku nyingi alikula kwetu. Aliuliza maswali mazuri, nikafurahi jinsi mwalimu anavyofurahi.

Jumapili moja mjukuu wangu alinifungulia video ya bibi yake kama kawaida. Midomo ikawa inacheza, sauti hakuna. Tulidhani ni spika. Kumbe chini pameandikwa kwamba sauti imeondolewa kwa dai la mwenye wimbo, na mwenye wimbo ni Daudi. Alikuwa ameurekodi studio huko Burnsville, kinanda na kila kitu, akausajili kama utunzi wake. Nikausikiliza hadi mwisho. Ubeti wa pili haumo.

Nilimwita. Akaja na sare ya kazini kwake, anakotunza wazee, akakaa ukingoni mwa kochi.

"Papa, usikasirike. Si mimi niliyezima, ni mashine."

"Mashine ilitumwa na nani?"

"Wewe mwenyewe ulisema inamjua aliyesajili. Mama hakusajili. Na ule wimbo tuliuimba sote, hata mimi nimo kwenye video, napiga ngoma."

"Na Riziki umemweka wapi?"

Akaangalia viatu vyake. "Watu hawamjui Riziki, Papa. Produsa alisema ubeti ule unarefusha wimbo."

Kisha akanipa sharti. Ataondoa dai lake siku hiyo hiyo, sauti irudi, mradi chini ya video niandike kwamba mtunzi ni yeye. Akiachia hivihivi, alisema, watu wataanza kuuliza wimbo ni wa nani.

Naweza kupinga, njia naijua. Lakini pingamizi linapelekwa kwanza kwa yuleyule anayedai. Akilikataa nami nikashikilia, anaweza kuomba video iondolewe kabisa, na chaneli yetu yenye maonyo tayari huenda ikafungwa, pamoja na ibada na mazishi yetu yote yaliyomo. Baada ya hapo ni mahakama, na huko nitaulizwa ushahidi. Mtunzi amekufa. Waliomsikia akitunga wametawanyika, wengine wako Australia, wengine sijui kama wapo hai. Mchungaji anasema, "Mwalimu, ndugu hawapelekani kortini." Mjukuu wangu, kwa Kiingereza chake cha haraka, anasema niandike tu hilo jina, nani atalisoma?

Nitalisoma mimi. Na nikiliandika, Daudi atakuwa amepata ushahidi pekee aliokosa: mume wa mtunzi amekiri kwa maneno yake mwenyewe.

Jumapili bado tunaifungua ile video. Mama Riziki akifika ubeti wa pili anafumba macho, ndipo najua amefika kwa Riziki. Naona midomo ikilitamka lile jina, na ninachosikia ni ndege zinazopita juu ya paa zikienda kutua kwenye uwanja wa jirani. Sauti yake yenyewe nimeanza kuisahau. Nikijaribu kuikumbuka, inakuja ya Daudi.

Ninyi mnaosoma hapa, wengi wenu ni wa umri wa watoto wangu. Niandike uongo ili nimsikie, au ninyamaze pamoja naye? Niambieni. Nitasoma majibu yote.