Ningerudi, Siyo Nitarudi

Wakati ule watu walisema vita vimeisha, lakini katika mtaa wetu wa Shari hakuna aliyekuwa amefungua mizigo yake yote. Maduka yalikuwa wazi, watoto walikuwa wamerudi masomoni, na magari meupe ya mashirika ya misaada yalipita kutwa nzima yakituachia vumbi. Magari hayo ndiyo yaliyonifanya nianze Kiingereza. Nilikuwa nafundisha darasa la tatu, kwa Kifaransa, na nilikuwa nimechoka. Kila mtu alisema mashirika yanatafuta watu wa kutafsiri.

Tulisoma alasiri, katika chumba kilicho nyuma ya kanisa. Mwalimu wetu alikuwa mwanamume mwembamba aliyeishi Uganda miaka yote ya vita, akarudi na Kiingereza chake na hasira zake. Kwenye benchi nilikaa na mama mmoja wa kutoka Butembo, muuza vitenge. Yeye alitaka Kiingereza cha kununulia bidhaa Kampala, basi.

Kilichonishinda kwanza ni kuuliza. Kwetu swali ni sauti tu. Unasema "umekula", unapandisha sauti mwishoni, mtu anajua kwamba umeuliza. Kwa Kiingereza lazima kwanza utafute kineno "do" na kukisimamisha mbele, kama askari kwenye bariere ya kuzuia magari. Yakiwa mambo ya jana, "do" inakuwa "did". Hapo ndipo nilipotaka kulia, kwa sababu kitenzi ulichotoka jasho kukijifunza katika umbo la jana kinarudi kuwa kama mwanzo. Nilikuwa nimekariri "went" wiki nzima. Nikainuka, nikauliza kwa fahari: "Did you went to market?"

Mwalimu akapiga meza. "Go! Did you go! Jana imeshaingia kwenye 'did'. Unaiingiza mara mbili ya nini?"

"Lakini mulisema 'go' ya jana ni 'went'."

"Kwenye jibu. Kwenye swali, hapana."

"Kwa nini, mwalimu?"

"Ni vile iko."

Jibu hilo nililichukia kuliko Kiingereza chenyewe. Mama wa Butembo hakujisumbua hata kidogo. Aliinuka akasema, "You go Kampala?", sauti juu kabisa mwishoni. Mwalimu alipomsahihisha, alijibu: "Mwalimu, Muganda atasikia tu." Na kweli, aliporudi kutoka Kampala na mizigo yake, alituambia kwamba wote walimwelewa. Hilo nalo liliniudhi.

Nyumbani nilifanya mazoezi na yaya wangu, dada yangu mkubwa. Alikuwa amekimbia kijiji chake upande wa Djugu, ng'ombe wote wakachukuliwa, na tangu hapo alikaa kwangu. Nilimuuliza huku tunachagua maharagi: "Do you like beans?"

"Unaniuliza nini?"

"Kama unapenda maharagi."

"Weye unajua sipendi. Na hiyo 'du' ni nini?"

"Haina maana, yaya."

"Haina maana, na unaisema?"

Nilikaribia kumwambia kwamba ni vile iko.

Baadaye tukaingia kwenye can, could, must, should, would. Mwalimu aliziandika kwenye ubao, akatwambia tuziseme pamoja, na tukaziimba bila kujua zinakaa wapi. Ile "would" ilinikwama kooni kabisa. Sisi tunatia "nge" katikati ya kitenzi, mambo yamekwisha: ningerudi, ningekula, ningelala. Wao wanahitaji "if" huku, "would" kule, na katikati "were". Aliandika: If the road were good. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, barabara ni moja. Kwa nini 'were' na siyo 'was'?"

"Kwa sababu siyo kweli. Barabara siyo nzuri."

Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimechoka kucheka nisichokielewa.

Kisha shirika moja likatafuta mtafsiri mwanamke. Nikaenda. Nilidhani watanipa karatasi ya mtihani, lakini walitupandisha, mimi na waombaji wengine, kwenye gari hadi kambi ya wakimbizi, tukajaribiwa palepale, mmoja mmoja. Nilipewa mgeni, mwanamke mzungu mwenye sauti ya upole, na mbele yetu mama mzee aliyekaa kwenye dumu lililolazwa, mlangoni pa hema lake.

Mgeni aliuliza kama mama huyo anafikiria kurudi kwao. Hilo nililitafsiri vizuri. Mama mzee alitazama upande wa vilima kabla ya kujibu.

"Kama njia ingekuwa muzuri, ningerudi," alisema. "Kule ndiko nilizika bwana yangu."

Niligeuka kwa mgeni. Nilijua kuna neno. Nililiona kabisa kwenye ubao, na chaki yake. Lakini mdomo wangu ukasema: "If the road is good, I will return. My husband is there."

Mgeni alitabasamu, akaandika. Akasema jambo refu la furaha, nikashika kwamba barabara inatengenezwa na kwamba amefurahi kusikia mama atarudi kwa mume wake. Nikatafsiri hivyo hivyo.

Mama mzee alinikazia macho. "Mimi nimesema nitarudi? Bwana yangu alikufa. Weye umemwambia nini?"

"Nimekosea, mama."

"Umwambie basi. Watakuja kunipakia kwenye kamio kama gunia, wanipeleke, na kule ningali naogopa."

Nikamgeukia mgeni. "No," nilisema. "Not will. She would."

"She would what?"

Sentensi yote ilikimbia. "She want," nikasema. "She no can. Road is bad. People is bad. Husband is dead. She afraid. Please, you remove."

Nilinyoosha kidole kwenye karatasi yake hadi akafuta mstari. Kisha akaandika upya, na sasa hakutabasamu. Mama mzee aliona mstari umefutwa, akatikisa kichwa kwamba sawa.

Kazi hawakunipa. Walimchukua msichana aliyekulia Kampala, na walikuwa na haki.

Niliporudi darasani, nilimsimulia mwalimu. Alisikiliza hadi mwisho, hakupiga meza. Kisha akageuka, akaandika ubaoni sentensi ya yule mama kwa Kiingereza safi, "would" mahali pake na "were" mahali pake, akatuambia tuirudie sote. Wenzangu wakairudia kwa sauti kubwa, mara moja, mara ya pili, kama wimbo wa watoto. Mama wa Butembo alinigusa kiwiko.

"Sema na weye."

Sikuweza. Ilikuwa sentensi rahisi sana ikiwa pale ubaoni, na ndiyo maana nilikasirika. Nilikusanya vitu vyangu nikatoka, nikapita katikati ya vumbi la gari lililokuwa linaelekea Mahagi, na huko nje, peke yangu, nikaisema yote bila kosa hata moja.