Jumba la Vigae na Roshani ya Nyanya

Harufu ya gundi ya vigae hunirudisha mtaa wa Al Ras, Dubai, kwenye roshani ya chumba cha Nyanya, nikiwa na miaka tisa na vidole vilivyogandana.

Baba aliuza vyombo vya udongo sokoni. Mwaka ule muuza vigae mmoja alimpa kalenda, na kwenye ukurasa wa Machi palikuwa na jumba moja la Barcelona, huko Uhispania. Jamani, jumba lile! Ukuta mzima umepachikwa vipande vya vigae, bluu, kijani na zambarau, na roshani zake zimekaa kama barakoa za wanawake wa Kiarabu. Nilikimbia kumwonyesha Nyanya, mama yake Baba, tuliyemleta kutoka kwao Mambrui, ng'ambo ya bahari, kwa matibabu ya moyo. Akainua mikono, akasoma Fatiha.

"Allah amrehemu," akasema. "Alikuwa mtu mkubwa huyu."

Kwao Mambrui, makaburi ya kale ndiyo yaliyopachikwa sahani. Nilicheka hadi nikakaa chini, kisha nikamweleza kuwa ni nyumba, wamo watu wanaishi. Akaitazama tena.

Kila siku Nyanya aliomba arudishwe kwao, na kila siku Baba alimjibu, "Inshallah mama, baada ya Idi." Idi mbili zikapita. Mimi sikutaka aondoke. Nikaona dawa ni kumpambia roshani yake, apapende. Nikaokota vikombe vilivyovunjika dukani, na kwa siku tatu, yeye akilala mchana, nikawa nabandika vipande ukutani.

Siku ya nne nilimfungulia mlango kwa mbwembwe. Akautazama ukuta, akamwita Baba.

"Mwanao amenijengea kaburi. Nirudishe kwetu kabla hamjanilaza humu."

"Ni nyumba, Nyanya! Nilikwambia ni nyumba!" nikalia.

Baba hakucheka. Wiki ileile akakata tikiti. Nilibandua vipande vyote kwa kisu cha jikoni, lakini wapi. Miezi minne baadaye Nyanya alifariki, na kwa miaka mingi niliamini kuwa mimi ndiye niliyemfukuza.

Mwaka jana nilikwenda Mambrui. Ndani ya msahafu wake niliukuta ule ukurasa wa Machi, umekunjwa vizuri. Shangazi akatabasamu.

"Alikuwa akimwonyesha kila mgeni. 'Watu wanaishi humu,' akimwambia, 'na mjukuu wangu alinijengea kama hii Dubai.'"

Nilikaa kitandani kwake nikalia. Alijua ni nyumba. Alichokosa ni neno ambalo Baba asingeweza kulijibu kwa inshallah, na mimi nikampa: kaburi.