Siku Tuliyomfungia Bosi Ndani

Nakumbuka Jumapili moja hapa Katoro, mwanangu, kabla wewe hujazaliwa, nilipoifungia familia yangu ndani ya nyumba kwa komeo nikidhani naifurahisha. Ulipopiga simu juzi kutoka Nyasubi ukanialika kuangalia sinema na wanao, ukasema mtatandika magodoro sebuleni, mama yao atakaanga bisi, na hata yule mbwa wao mdogo atalala nanyi kwenye blanketi, nilicheka. Kisha ukaongeza kwamba umeme ukikatika hakuna shida, umenunua jenereta. Hapo nikakata simu. Ulidhani ni mtandao. Haukuwa mtandao.

Nitakuja, usiwe na wasiwasi. Lakini kabla sijaja, kuna jambo nimekuficha tangu ulipozaliwa, na mama yako amekataa kunisaidia kulisema. Anasema mdomo ulionyamaza ni wangu, basi na useme wenyewe, ndiyo maana nakuandikia.

Wakati huo nilikuwa kijana mwenye nguvu na majivuno ya kuuza. Nilikuwa msimamizi wa duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, na chini yangu walikuwa wanaume kumi na wawili. Kazi yangu kubwa ilikuwa hewa. Hakuna aliyeshuka mpaka niseme hewa ni nzuri. Wenzetu wa shimo la jirani waliwahi kushusha pampu ya mafuta chini ili wavute maji, wakaiwasha humo humo, na wawili hawakupanda tena wakiwa hai. Mimi ndiye niliyewakusanya watu wangu siku ile nikawaambia kwa sauti kubwa kwamba mashine ya mafuta haiwashwi mahali palipofungwa. Walinisikiliza kama padri. Kumbuka hilo, maana ndilo linaloniuma kuliko yote.

Basi duara letu likatema dhahabu vizuri, nami nikanunua runinga, deki ya kanda za video, na jenereta. Umeme ulikuwa haujafika mtaani kwetu. Dada yako Kabula alikuwa na miaka tisa. Furaha aliyokuwa nayo sijaiona tena kwake. Alinishika mkono akaniomba jambo moja tu: siku ya kuwasha, mbwa wetu Bosi na paka wetu waingie ndani, nao waone.

Unajua sisi Wasukuma na mbwa. Mbwa ni wa nje, analinda ng'ombe na uwanja, chakula chake ni mabaki ya ugali. Bosi hakuwahi kukanyaga sebule ile tangu tumlete akiwa mtoto. Mama yako akaguna, lakini mimi nikasema leo ni siku ya mtoto, mbwa aingie. Kwa hilo sijutii. Kabula alimwogesha kwa sabuni ya kufulia, akamtandikia gunia, akamwambia akae kwa adabu.

Ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali. Picha haionekani vizuri kwenye mwanga, kwa hiyo nikaziba madirisha yote mawili kwa mablanketi na turubai. Nitakwambia ukweli wote leo: sikuziba kwa sababu ya jua peke yake. Siku hizo mtu akiwasha video, mtaa mzima unajaa dirishani, na mimi sikutaka kugawana. Nilitaka wasikie sauti tu, wajue Baba Kabula amefika.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mjane mmoja tukimwita Mama Shija. Kazi yake ilikuwa kukausha samaki kwa moshi na kuwauza sokoni, na kwa miaka yote ya kuinamia moshi ule macho yake yalikuwa mekundu, yanachuruzika machozi muda wote. Alikuwa rika la mama yangu, nami nilimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Tulipohamia pale bila chochote, ndiye aliyetupa moto wa kuwashia jiko. Siku ile alikuja mlangoni na kigoda chake mkononi.

"Baba Kabula, na mimi nije niione hiyo sinema?"

Nikamjibu nikiwa ndani, mlango sijaufungua. "Leo ni ya familia, mayu. Siku nyingine."

Alicheka, akasema haya, akarudi kwa samaki wake. Mimi nikatia komeo.

Jenereta sikuiweka nje. Wezi wa Katoro wakati ule wangeibeba ikiwa inanguruma. Nikaiweka stoo, chumba kidogo ndani ya nyumba, nikapitisha waya chini ya mlango hadi sebuleni. Nikavuta kamba, ikawaka. Mimi, msimamizi wa hewa.

Sinema ilianza vizuri. Ilikuwa ya wanyama wa porini, na Kabula alikuwa anawasalimia mmoja mmoja. Mama yako alileta karanga na chai ya maziwa. Tulikaa mkekani, mtoto katikati, Bosi miguuni pake. Nakwambia, mwanangu, kama ningeambiwa nichague saa moja ya maisha yangu nirudishiwe, ningechagua ile, na ningeifungulia dirisha.

Paka ndiye aliyeondoka kwanza. Aliruka juu ya kabati, akapita kwenye upenyo kati ya ukuta na bati, akaenda zake bila kuaga. Tukacheka. Muda si mrefu Bosi akaanza kuhangaika. Akaenda mlangoni, akaukwaruza, akarudi, akamvuta Kabula gauni, akaenda tena mlangoni akilia kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Mfungulie huyo atoke," mama yako akasema. "Labda amebanwa. Na mimi kichwa kinanigonga, hebu tupate hewa kidogo."

Nikamwambia akifungua mlango watu wataingia. Nikasema mbwa anaogopa simba wa kwenye runinga, atazoea. Nikachukua kamba nikamfunga Bosi kwenye mguu wa kabati, karibu na mlango wa stoo, ili asitusumbue. Alinitazama. Sijui mbwa hufikiria nini, lakini alinitazama, kisha akalala. Nikamwambia Kabula, unaona, ameshazoea.

Baada ya hapo sikumbuki kitu. Nakumbuka nikiwa nimelala uani juani, natapika, kichwa kinataka kupasuka, na Mama Shija amepiga magoti pembeni anampepea Kabula kwa upande wa kanga. Alikuwa amemsikia mbwa akilia, kisha akasikia mbwa amenyamaza na jenereta bado inanguruma. Akabisha hodi, hakuna jibu. Akanusa pale mlangoni. Mtu aliyeishi na moshi maisha yake yote hahitaji kuelezwa. Alichukua mchi wa kinu akavunja mlango wangu, akamtoa mtoto kwanza, kisha mama yako, kisha mimi, mwanamke mzee peke yake, akituburuta kwa mikono. Alirudi mara ya nne kumchukua Bosi. Bosi alikuwa ameshakufa, na kamba yangu shingoni.

Hospitalini daktari aliniuliza jenereta ilikuwa wapi. Nikamwambia. Akaacha kuandika akanitazama.

"Mzee, moshi wa mashine ile ndio uliowaangusha. Mbwa ametangulia kwa sababu mwili wake ni mdogo. Mtoto angefuata. Aliyevunja mlango nendeni mkampigie magoti."

Kabula alikuwa kwenye kitanda cha pili, macho wazi, anasikia kila neno.

Sasa hapa ndipo pabaya. Ukidhani pabaya ni hapo nyuma, hujanijua baba yako.

Tulirudi nyumbani baada ya siku tatu tukakuta mtaa una maneno yake. Mbwa amekufa bila jeraha. Watu watatu wamezimia mchana kweupe. Yule mama alijuaje kwamba ndani kuna shida? Na yale macho mekundu? Mwenzangu mmoja wa duarani alinijia akanong'ona, "Ulimnyima sinema, naye akakuonyesha ya kwake." Wewe umezaliwa na kukulia huku. Unajua mwanamke mzee mwenye macho mekundu akianza kusemwa ni mchawi, mwisho wake huwa ni nini. Na mimi nilijua.

Ningesema sentensi moja tu. Ningesema niliwasha jenereta stoo. Lakini nikawafikiria wale wanaume kumi na wawili. Msimamizi wa hewa ameua mbwa wake na nusura aue mke na mtoto kwa kosa alilowakataza wengine wasilifanye. Nani angekubali kushuka tena kwa neno langu? Niliona aibu, mwanangu. Si hofu ya njaa, ni aibu tu, kitu cha kijinga kama hicho. Nikatikisa kichwa kana kwamba mambo haya ni mazito, nikanyamaza.

Usiku ule mawe yalipigwa juu ya bati lake. Asubuhi samaki wake walikuwa wametupwa barabarani, baiskeli zinawakanyaga. Alikuja mlangoni kwangu, ule ule mlango aliouvunja, ambao nilikuwa nimeupigilia mbao. Watu wamesimama wanatazama. Hakulia wala hakupaza sauti.

"Baba Kabula, waambie."

Nami nikamjibu mbele ya watu wote, "Mayu, mimi nilikuwa nimezimia. Sijui chochote."

Kisha akarudi kwake akafunga vitu vyake, na kabla ya jua kuwaka vizuri akaondoka kwenda kwa kaka yake huko upande wa Kolandoto. Vyungu vyake viwili vilibaki uani mpaka vikavunjika vyenyewe. Nilipogeuka kuingia ndani, Kabula alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Baba, mbona hukusema?"

Nikamwambia aende akacheze. Hakuniuliza tena, siku hiyo wala siku nyingine, na hakuna jambo jingine la maana alilowahi kuniuliza tangu hapo. Wewe huwa unasema dada yako anajidai, kwamba tangu awe mwalimu nyumba ya baba yake imekuwa chafu kwake, ndiyo maana akija Krismasi anashukia gesti. Hajidai. Kabula hawezi kulala ndani ya nyumba ambayo mimi ndiye ninayefunga mlango wake. Anamtumia mama yako pesa ya dawa, mimi ananiuliza hali, nami najibu njema, basi tumemaliza.

Ilinichukua miaka tisa kwenda kumtafuta Mama Shija. Wewe ulikuwa unatambaa nilipoanza kusema nitakwenda, na ulikuwa unasoma nilipokwenda. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, nadhani ni kile kile, anachambua choroko. Amezeeka, haoni vizuri, lakini sauti yangu aliijua. Nikainama nikasema, "Shikamoo, mayu."

Hakuitika.

Nikarudia. Akaendelea kuchambua choroko. Nikamweleza yote, jenereta, aibu yangu, kila kitu nilichokwambia sasa, na nikalia mbele ya wajukuu wake. Nilipomaliza akamwita mjukuu mmoja akamwambia, "Mpe mgeni maji, ametoka mbali." Maji nikanywa. Nikaaga kwa shikamoo nyingine, nayo akaiacha pale pale chini. Mwaka uliofuata nikasikia amezikwa.

Niliwaambia watu wa hapa Katoro pia, pale sokoni, mbele ya wengi. Walisema mzee, hayo ni ya zamani, kunywa chai. Nusu yao walikuwa wageni, hawakuwa wamewahi kumsikia. Wachache waliokumbuka waliangalia pembeni, maana na wao walirusha mawe.

Sasa sikia, mwanangu, na uwasomee wanao watakapokua. Jenereta yako iweke nje, mbali na dirisha, mbali na mlango, na kama unaogopa wezi ifunge kwa mnyororo kwenye mti, au kaeni gizani muhadithiane. Ikiibiwa utanunua nyingine. Dirisha moja liache wazi hata kama picha haionekani vizuri. Waya zipitishe ukutani juu, mbwa mdogo hutafuna chochote. Msimpe mifupa ya kuku, humkwama kooni, na msimfunge kamba wala msimbane. Akitaka kutoka, mtoe, na wewe inuka umfuate uone anakimbia nini. Mama watoto akisema kichwa kinamgonga, simamisha sinema hapo hapo.

Jirani akija na kigoda chake, mfungulie. Nafasi ya kigoda kimoja haikosekani.

Na ukikosea, kwa sababu utakosea, sema siku hiyo hiyo, mbele ya wale wale watu, kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako. Usisubiri aibu iishe. Ya kwangu haijaisha, na niliyemkosea ameshazikwa.

Jumapili nitakuja. Nitakaa karibu na mlango, mniwekee kiti hapo. Nimemwomba mama yako amwambie Kabula naye aje. Amesema atafikiria.

Mungu akulinde wewe na mkeo na watoto, na kiumbe hicho mnachokilaza kwenye blanketi. Nyumba yenu isikose hewa wala majirani. Watoto wako wakuulize maswali hadi uzeeni kwako, na uwe na uso wa kuwajibu. Na kila utakayemwamkia shikamoo katika maisha yako, mwanangu, Mungu amjalie akuitikie marahaba.