Hisa za Altare ya Mtakatifu Kinga

Kinyaa kilimpanda Bronia Gawronski samaki akiwa mdomoni. Samaki hakuwa na kosa. Ijumaa za Kwaresima, katika ukumbi wa chini wa parokia ya Mtakatifu Zyta, pale Buffalo, akina mama hukaanga samaki kana kwamba mbinguni watu huingia kwa ukoko wake. Kilichomchafua roho ni kinywa cha Zigi Pruchnik, kilichojaa kabichi na maadili kwa wakati mmoja.

"Utamaduni unaoza, jamani," Zigi alisema, na kipande cha kabichi kikaruka kikatua kwenye chumvi. "Mwekezaji mwenye akili ananusa uozo kabla ya wenzake. Kinachooza, unauza. Kinachodumu, unanunua."

"Na wewe tukuuze lini?" Bronia akauliza.

Meza ikaangua kicheko. Zigi naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayelipa deni la mwenzake.

Huyu Zigi alikuwa mwenyekiti wa Klabu ya Hisa ya parokia. Maisha yake yote aliuza bima, maana yake alilishwa na hofu za watu, akavishwa nazo, akajengewa nazo nyumba yenye gereji mbili. Alipostaafu aliona si haki kipaji kama hicho kiende kaburini bure, akawakusanya wajane na wazee wa parokia wachange, wanunue hisa, na fungu la faida liende kanisani. Hofu aliwauzia ya dunia hii, matumaini akawauzia ya ile nyingine.

Bronia hakuwa mtu wa hisa. Miaka nenda rudi aliuza soseji sokoni, nyuma ya kioo, aproni ina damu, mikono inanuka kitunguu saumu hata siku ya komunyo. Mumewe Stan alifanya kazi ya chuma mpaka kiwanda kikafa, kisha naye akafuata. Fidia ya mapafu yake ilikuja mapafu yenyewe yakiwa yameshazikwa. Zigi alifika matangani na keki mkono mmoja, kalamu mkono wa pili. "Bronia, mama, hela inayolala ni hela inayokufa," alisema, na Bronia, aliyekuwa amechoka kuona vitu vinakufa, akatia sahihi. Ndivyo alivyojikuta mwenye fungu kubwa kuliko wote klabuni, bila kujua hisa ni mnyama gani.

Uwekezaji wa Zigi ulikuwa wa aina yake. Kila Juni alivaa kofia, akazunguka madukani kutafuta bendera za upinde wa mvua, zile zinazotundikwa mwezi huo kuwaunga mkono wapenzi wa jinsia moja. Kampuni iliyotundika bendera, Jumatatu yake hisa zake zinauzwa. Waliuza kahawa. Waliuza viatu. Waliuza sabuni, na kweli kuna wanachama ambao tangu hapo ungedhani wameacha na kuitumia. Vyote walivyouza vilipanda bei. Badala yake wakanunua hisa za kampuni ya mishumaa ya ibada, makanisa yakazidi kufungwa; wakanunua za kampuni ya vyakula vya makopo vya kungojea mwisho wa dunia, na mwisho wa dunia ukachelewa, makopo yakashuka bei. Kila kura, Bronia aliinua mkono pamoja na wenzake. Aliinua huku akijua kuwa mwanawe wa pekee, Konrad, anaishi na Carmine Lofaso, mwanamume wa Kitaliano, mpiga plasta wa upande wa magharibi ya mji. Mkono ule aliuinua kama anavyoinua wa kuagiza bia.

Katika bahati mbaya zote hizo, kitu kimoja tu kilifanikiwa: kampuni iitwayo Njiwa Mweupe, ya kumbi za harusi. Zigi aliinunua kwa sababu ya picha: bibi na bwana harusi, shela ndefu, nyuma yao madirisha ya vioo vya rangi. "Hawa ni watu wetu," alisema. Bei ikapanda, ikapanda tena. Paa la Mtakatifu Zyta lilikuwa linavuja mpaka waumini wa benchi la nne wakawa wanaungama wakiwa wamefungua mwavuli, na faida ya Njiwa Mweupe ndiyo iliyoahidiwa kuliziba.

Sasa, vuli iliyopita, Konrad na Carmine walioana mbele ya hakimu. Ndoa ya kanisa hawakuiomba, maana jibu walikuwa nalo. Konrad aliomba kitu kimoja, kidogo. Jumamosi Kuu, kabla ya Pasaka, watu wa Mtakatifu Zyta huleta vikapu kanisani: mayai, soseji, paja la nguruwe, mkate, na siagi iliyofinyangwa umbo la mwanakondoo, macho yake punje za pilipili manga. Wanapanga foleni, Padre anapita na brashi, ananyunyiza maji ya baraka. Kila familia kikapu chake. Konrad alibeba kikapu hicho tangu kilipokuwa kinamfika kifuani.

"Mwaka huu nataka tukishike wawili, Mama," alimwambia. "Basi. Sitaki hotuba, sitaki maua. Nataka mbele ya watu wa mtaani kwetu ionekane kwamba hii ni nyumba, na nyumba hii inakula Pasaka."

Bronia alimwahidi. Lakini Buffalo ya Wapolandi, siri haifiki kona ya mtaa ikiwa bado siri.

Ndipo, Ijumaa ile ya samaki, Padre Leon Kuzma alipomvuta Bronia pembeni, karibu na sufuria la viazi. Padre Leon alikuwa mtu mwema wa aina inayochosha, anayeogopa kila mtu sawasawa.

"Bi Bronia, lile jambo la kikapu. Zigi amekuja kwangu. Anasema wale wawili wakisimama pamoja, hela ya paa haiji."

"Padre, mtoto anaombea soseji. Haombi ndoa."

"Najua, najua. Lakini hebu tutumie busara. Konrad aje, ashike kikapu, nitakibariki kwa moyo wote. Huyo mwenzake angoje garini."

"Angoje garini? Kama mbwa?"

"Hapana, hapana!" Padre alishtuka kikwelikweli. "Mbwa tunawabariki Oktoba."

Bronia alimtazama usoni kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa anatoa maelezo ya ratiba.

Alirudi mezani. Aliogopa. Watu hawa ndio waliomzikia Stan, ndio wanaojaza pengo la Jumapili zake. Akigombana nao atazeeka peke yake na televisheni. Alikwisha anza kuyapanga maneno ya kumwambia Konrad, maneno laini laini, ya aina ile ile ya Padre, na kila moja lilimwacha na ladha ya mafuta yaliyokaangiwa mara saba.

Zigi alikuwa amesimama, anagawa kijitabu kipya cha Njiwa Mweupe chenye picha za kumeremeta.

"Tazameni ukumbi wao wa hapa hapa kwetu, jamani! Umejaa mpaka Septemba. Juni yote hakuna nafasi hata ya kutemea mate. Bei itapaa!"

Bronia alikipokea kijitabu. Alitazama picha. Halafu akavaa miwani akatazama tena.

Ilikuwa altare ya Mtakatifu Kinga.

Kanisa lile la Mtakatifu Kinga ndiko alikobatizwa, ndiko alikofunga ndoa na Stan, akiwa na gauni la kuazima na mafua. Jimbo lililifunga, likaliuza. Na ndimo humo, vuli iliyopita, Konrad na Carmine walimosimama mbele ya hakimu, juu ya ngazi zile zile za marumaru. Bronia alikwenda siku ile anatetemeka, akarudi amecheza mpaka kiatu kimekatika. Alijua jengo sasa ni la kampuni fulani ya harusi. Jina la kampuni hakuuliza. Nani anauliza jina la kampuni harusini kwa mwanawe?

"Zigi," alisema polepole. "Hapa ndipo alipofunga ndoa Konrad."

"Hm," alisema Zigi, akapata ghafla mwiba wa samaki wa kushughulikia.

"Ulijua?"

"Bronia, mwekezaji anasoma ripoti."

"Ripoti inasemaje?"

Zigi alisogea karibu, akashusha sauti, akanuka kabichi. "Inasema wale ndio wateja wazuri kuliko wote. Wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake. Wengi wao Wakatoliki, hawana pa kwenda, na wanataka madirisha ya vioo kama waliyoyazoea utotoni. Wanalipa bila kubisha. Mimi nakwambia kama rafiki wa marehemu: huo ndio mwelekeo wa utamaduni. Ukishindwa kuuzuia, upande."

"Na bado hutaki washike kikapu," Bronia alisema, akatia kipande cha samaki mdomoni.

"Maadili ni maadili, soko ni soko. Wewe umeuza soseji miaka yote hiyo, na Ijumaa hukula. Kuna tofauti gani?"

Hapo ndipo kinyaa kilipompanda tena, safari hii kutoka visiginoni. Kanisa liliwanyima altare, kisha likawauzia altare hiyo hiyo kwa saa, kupitia kampuni. Na wazee wa kanisa wakanunua hisa za kampuni, wakala gawio, wakasaza la kuzibia paa, kisha wakapangusa midomo na kusema: angoje garini. Na hela iliyoufanya mtambo wote ule uzunguke, kwa sehemu kubwa, ni mapafu ya Stan. Bronia alimtema samaki kwenye kitambaa cha karatasi, bila haraka, mbele ya watu.

"Mimi najitoa klabuni," alisema. "Nataka changu."

Uma zikasimama.

"Sawa, mama," Zigi alisema. "Tutaangalia baada ya..."

"Kanuni uliitunga mwenyewe. Mwanachama akitoka, analipwa papo hapo. Nataka kabla ya Pasaka."

"Lakini, Bronia, mpenzi, tutakulipa nini? Tutauza nini?"

"Uza makopo ya mwisho wa dunia."

"Hayanunuliki hata na njaa!" akaropoka mzee mmoja.

"Basi uza Njiwa."

Zigi alipauka. Ungedhani ameambiwa auze figo. "Kabla ya Juni? Una wazimu? Juni ndiyo harusi zenyewe!"

"Harusi za nani, Zigi?" Bronia aliuliza, kwa sauti ya kufika mpaka kwa wakaangaji. "Waambie wenzio. Harusi za nani?"

Na Bronia, akizitazama nyuso moja moja, aliona jambo lililomchefua kuliko kijitabu chenyewe: hakuna aliyeshangaa. Wote walikwisha kujua. Walikuwa wanangoja tu kuona kama atalitaja.

"Mna njia mbili," alisema. "Fungu langu litoke kesho, Njiwa auzwe, paa livuje. Au Jumamosi Kuu kikapu kimoja, mikono ya watu wawili, na maji yawafikie wote."

Zigi hakumaliza hata bia yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye sufuria la viazi, akamshika Padre kiwiko, wakanong'onezana. Haikuchukua hata muda wa kupoa kwa kaango. Padre aligeuka, akamtazama Bronia, akatikisa kichwa kukubali, uso umemkunjuka kama mtu aliyeambiwa uvimbe wake si saratani.

Bronia alipaswa kufurahi. Alikwenda chooni akanawa mikono mara mbili.

Jumamosi Kuu theluji ilianguka, kama kawaida ya Buffalo kuisahau kalenda. Foleni ilizunguka kanisa. Konrad alishika mpini upande huu, Carmine upande ule, amenyoa mpaka kidevu kimekuwa chekundu, bado ana vumbi la plasta ya kazini nyuma ya sikio. Bronia alisimama nyuma yao kama askari jela. Padre alipofika, brashi ilisita hewani. Carmine, mtu wa adabu, akaanza kuachia mpini arudi nyuma.

"Shika hapo," Bronia alimwambia mgongoni.

Padre alimtazama Zigi, aliyekuwa amesimama na kikapu chake kikubwa kama cha harusi. Zigi alitikisa kichwa kidogo, vile dalali anavyokubali bei. Brashi ikashuka. Maji yakawapiga wote wawili usoni, mwanakondoo wa siagi akapata tone lake.

Konrad alilia. Mwanamume wa miaka arobaini, analia mbele ya paja la nguruwe, wala hakujificha.

Asubuhi ya Pasaka walikaa mezani kwa Bronia, watatu. Kabla ya chakula kingine chochote, mkubwa wa nyumba hukata yai lililobarikiwa, kila mtu akala kipande, wakatakiana heri. Konrad alikuwa bado ananawiri.

"Sikutegemea, Mama. Nilidhani Padre ataturuka. Kumbe ana moyo. Hata Zigi, umemwona? Alinitikisia kichwa."

Bronia alikuwa na kisu mkononi. Angeweza kunyamaza. Lakini kinyaa kilikuwa bado kimemkaa kooni, na aliona kumlisha mwanawe uongo mtamu ni kumkalisha garini kwa njia nyingine.

Akamwambia. Njiwa, altare, mapafu ya baba yake, Juni, yote.

Carmine alitazama sahani. Konrad akaacha kunawiri.

"Kwa hiyo yale maji," alisema, "yalikuwa ya hisa?"

"Maji yalikuwa ya bomba, mwanangu, kama ya miaka yote," Bronia alisema. Alilikata yai vipande vitatu, kikubwa akampa Carmine. "Kuleni. Na kesho nakwenda kuchukua hela za baba yenu."

"Si uliwaahidi hutazitoa?" Carmine aliuliza.

"Niliwaahidi kungoja mpaka kikapu," alisema Bronia. "Juni sikuitaja."