Bunduki Ndogo ya Mzee Kalinga

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, na bega langu la kulia linaikumbuka kuliko mimi, jinsi bunduki isiyokuwa hata na risasi ndani ilivyonivua nguo mbele ya watu. Nitakusimulia, mwanangu, kwa sababu najua unataka kumnunulia mwanao bunduki ya kwanza ya kuwindia kulungu, na najua utakavyoingia dukani: kifua mbele, kama nilivyoingia mimi. Shule yangu iliishia darasa la nne, Songea. Mengine yote nimeyajua kwa magoti, nikitandika mazulia na mbao kwenye sakafu za watu huku ughaibuni, tangu mtaa wa Shaw mpaka mji wa Laurel, na leo jina langu limeandikwa ubavuni mwa magari manne. Kwa hiyo sikuletei ya kitabuni. Nakuletea yaliyonipata.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, karatasi za ukaazi zimetoka mwaka uleule. Tulikaa Laurel, Maryland, ghorofa ya tatu, na mlango wa pili alikaa Mzee Kalinga, Mhehe wa Iringa, aliyekuwa akihudumia ng'ombe kule Beltsville kwenye mashamba ya utafiti. Mimi Mngoni. Nyinyi mliozaliwa huku hamjui, basi nawaambia: Mngoni na Mhehe ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaona afadhali watukanane kwa kucheka. Mtani wako anakuambia lolote, nawe huna ruhusa ya kununa. Sisi tunasingiziwa kula panya, wao mbwa. Akinikuta ngazini nimebeba zana zangu, ananiuliza, "Mngoni, leo umekula panya wangapi?" Nami namjibu, "Shikamoo mzee. Mbwa wa jirani haonekani tangu jana, hujamwona?" Anaitikia marahaba, tunacheka, kila mmoja anakwenda kazini kwake.

Kila mwaka, Jumamosi inayofuata sikukuu ya batamzinga ya Novemba, mzee huyo alikwenda milimani, magharibi ya Maryland, kwenye shamba la mkwe wa mfanyakazi mwenzake, akarudi na kulungu. Nyama ile ililiwa na ngazi nzima, Mtanzania, Mkongo, hata yule Mkenya wa chini aliyesema hali nyama ya porini. Mwaka ule akaniambia, safari hii twende wote. Akaniambia na la pili: Januari anarudi Iringa moja kwa moja, mifupa yake imeshakataa theluji. Basi msimu ule ulikuwa wa mwisho kwake na wa kwanza kwangu. Na mzee yule nilimpenda, sifichi. Huku ugenini sikuwa na mtu mwingine wa kuniita mjinga kwa upendo.

Akanionyesha bunduki yake. Namba yake 243, ndicho kipimo cha unene wa risasi. Nilipoishika risasi yake, nyembamba kama kidole cha mtoto, nikacheka.

"Mzee, hii ni ya kuulia nini?"

"Panya wako," akasema. "Ila ukimaliza panya, kulungu pia anakufa. Nunua kama hii, au iliyoizidi kidogo tu. Usipite hapo."

Nikapita. Muuzaji aliniuliza nawinda nini, nikasema kulungu, akasema basi hii uliyoshika imezidi. Nikaona ananidharau kwa sababu ya Kiingereza changu. Nikatoka na magnum ya mia tatu, bunduki ambayo watu huendea dubu. Mdharau mwiba mguu huota tende, mwanangu, na tende langu liliota juu ya jicho: risasi ya kwanza kabisa, bunduki ikarudi nyuma na darubini yake ikanipasua nyusi. Nilirudi nyumbani na plasta. Mke wangu akauliza, nikasema ni mlango wa gari.

Nilikwenda uwanja wa shabaha Jumapili tatu mfululizo, peke yangu. Bega likawa bluu, likawa manjano. Kazini nikawa nabeba zulia kwa bega la kushoto, vijana wangu wananishangaa. Nilidhani mambo ni kama yale ya magoti: mwaka wa kwanza kwenye sakafu yaliniuma, baadaye yakaota sugu. Sikujua kwamba bunduki haina sugu. Mwili hauzoei teke. Unachojifunza ni kulikwepa, na unajifunza kimyakimya, mwenye mwili hana habari.

Siku tano kabla ya safari, Mzee Kalinga akaja kunitazama ninavyolenga. Kwenye meza ya jirani palikuwa na wanaume wawili wenyeji, na upande wa pili mama mmoja na binti yake, mtoto wa miaka kumi na miwili hivi, ana kibunduki kidogo. Piga, anapumua. Piga, anapumua. Karatasi yake matundu yote ungeyafunika kwa kisahani cha chai. Yangu haikuwa na tundu hata moja.

"Leo najaza mimi," mzee akasema. "Wewe piga tu."

Akajaza, akanipa. Nikapiga, nikakosa. Akajaza tena, nikakosa. Mara ya tatu akafunga bunduki bila kutia kitu, akanikabidhi, uso mkavu kabisa. Nikalenga. Nikavuta.

Ikalia "ta", kama mtu kagonga kijiko mezani. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuruka! Macho nimefumba, meno nimebana, bega limekwenda mbele, mtutu umeinama unatazama nyasi. Bunduki tupu.

"Mngoni," mzee akauliza polepole, "nani kakupiga?"

Wale wanaume wakacheka. Yule binti hakucheka. Alinitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniunguza.

Mzee akaketi karibu yangu, mzaha umemtoka. "Kuogopa teke si aibu. Ng'ombe wangu wote wanaogopa teke, na wao ndio wanaopiga. Lakini ukifumba macho, risasi inakwenda tumboni, na mnyama atakimbia nayo mpaka jua lizame. Kulungu hafi kwa kelele. Anafia pale risasi ilipoingia. Jumamosi njoo, tutapokezana hii yangu. Hilo dubwana lako libaki."

"Niende na bunduki ya mtoto?"

"Nenda na bunduki unayoiweza."

"Basi siendi."

Akanitazama, akangoja. Alikuwa akingoja nicheke, mwanangu, maana utani una mlango wake na mlango ulikuwa wazi. Sikucheka. Nilikunja uso nikafunga mkoba wangu. Nilimnunia mtani, jambo ambalo kwetu hata mlevi halifanyi.

Jumamosi alfajiri nikasikia viatu vyake kwenye korido. Vikasimama mlangoni kwangu. Akagonga mara mbili, kwa kidole kimoja, asiamshe watoto. Nilikuwa macho, nimekaa kitandani, soksi nimeshavaa. Soksi nimevaa, hebu fikiria! Mke wangu akanong'ona, "Baba Neema, mzee anaondoka." Nikageukia ukuta. Nikahesabu viatu vinavyoshuka ngazi mpaka chini, nikasikia gari likiwaka.

Jumapili jioni akaniletea paja zima la kulungu kwenye karatasi. "Chukua, Mngoni. Panya wa milimani huyo." Nikapokea, nikajaribu kucheka, cheko lenyewe likatoka limechacha. Januari tulimsindikiza uwanja wa ndege. Alinishika mkono muda mrefu. Nilikuwa nimepanga kumwomba radhi kwa simu, kisha nikapanga kumwomba nikienda Tanzania, na kazi zikawa nyingi, na miaka miwili baadaye ikaja habari kwamba ametangulia. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu ameshaota mvi.

Magnum niliiuza kabla ya msimu uliofuata. Nikanunua 243, nikaanza upya kama mtoto, miezi mitatu ya kufundisha macho yabaki wazi. Nikamwomba yule mwenye shamba, akaniruhusu. Nilimpiga kulungu wangu wa kwanza kwa risasi moja, akapiga hatua nne, akalala. Kwa furaha nikageuka nyuma nimwonyeshe mtu. Miti mitupu. Hapakuwa na wa kunitukana.

Sasa sikia, mwanangu, na uweke simu chini.

Mtoto mnunulie bunduki yenye teke dogo. Hiyo 243 inatosha kabisa kwa kulungu wa huku. Akishakua kidogo, ile ya milimita sita na nusu wanayoisifu siku hizi, au ile ya milimita saba yenye ganda fupi, zote ni za kistaarabu. Usidanganywe na bunduki nyepesi kama ufito, maana bunduki ikiwa nyepesi mno teke huzidi. Kitako kiwe cha urefu wa mkono wake yeye, si wako, na nyuma kiwe na mpira. Mzibe masikio vizuri, kwa sababu nusu ya woga huingilia masikioni. Aanze na kibunduki kidogo cha kulengea karatasi, na umrudishe nyumbani akiwa bado anataka kupiga. Siku mojamoja umpe bunduki tupu bila kumwambia, umtazame macho. Akifumba, usimcheke mbele ya wageni. Rudi nyuma, punguza. Na kabla ya yote apite darasa la uwindaji, nawe uulize sheria za mahali mnapokwenda, maana kaunti nyingine hapa hazitaki bunduki za namna hii, zinataka shotgani tu.

Wapo watakaokuambia mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, mpe kubwa akomae. Methali hiyo naiheshimu, nimewalea wanangu nayo, lakini haikutungwa kwa ajili ya bunduki. Mtoto aliyepigwa teke hakomai, anaacha. Atakuambia kwa Kiingereza kwamba ana kazi za shule, nawe utakwenda milimani peke yako na bunduki yako kubwa, ukiona ni yeye aliyeshindwa. Hakushindwa. Ulimfukuza. Na siku akikugongea mlango, hata kama juzi alikuaibisha, hata kama kiburi chako bado kinafuka moshi, inuka ufungue.

Mungu amjalie mwanao jicho lililo wazi na mkono mtulivu. Akujalie wewe asubuhi nyingi za baridi ukiwa umekaa naye chini ya mti mmoja, mkinong'ona, chai ikipita kati yenu. Na mnyama atakayewapa nyama, Mungu amfupishie safari yake. Amina.