Nesi wa Juu ya Basi

Mwaka nilipomaliza kidato cha sita, nyumbani kwetu Iyula tulikuwa na mpangaji Mjerumani, nesi wa kujitolea. Alikaa chumba cha dada yangu, aliyekuwa ameolewa Ileje. Kiswahili alikuwa amekishika. Kiingereza ndicho kilichomtesa, na bila kufaulu mtihani wake asingepata kazi aliyoitaka katika hospitali moja ng'ambo ya mpaka, Zambia.

Maneno makubwa aliyajua. Yaliyomsumbua ni yale madogo, "on", "for", "since", ambayo katika Kijerumani hukaa kwa namna nyingine. Nilimwandikia sentensi zenye pengo kwenye vipande vya boksi la sabuni. Mchana, tukichambua kahawa kwenye kichanja cha kuanikia pamoja na mama, nilimsomea kimoja kimoja. Akipatia, kipande kiliingia koponi. Akikosea, kilirudi kwenye ungo.

Siku ya kwanza alitaka kusema anasubiri basi, akatia "on". Nikaangua kicheko. Mama, ambaye hajui Kiingereza, akataka kujua kuna nini.

"Anasema anasubiri juu ya basi."

"Juu? Kwani yeye gunia la mahindi?"

Nesi alicheka mpaka akamwaga kahawa alizokuwa ameshachambua.

Wiki ya mwisho kopo lilikaribia kujaa. Nami nilishazoea kusikia mtu akiimba asubuhi katika chumba kile. Akifaulu angeondoka, na chumba kingebaki kitupu tena. Sentensi ya basi ikarudi, naye akakosea vilevile. Nikakitia kipande koponi kana kwamba amepatia. Kilichofuata pia.

Mama hakuinua macho. Alikuwa amelisikia lile basi.

"Hii si ile ya gunia?"

Nikaokota kipande kingine kwenye ungo.

"Mbona leo hatucheki?"

Nesi aliniangalia, kisha akaliangalia kopo. Akalimimina lote juu ya kichanja, vipande vikachanganyika na kahawa.

"Mdogo wangu," akasema taratibu, "tuanze upya."

Tulianza upya, na safari hii sikumwachia hata kosa moja.

Alipokwenda Zambia kufanya mtihani, nilimbebea begi hadi mpakani Tunduma, tukipenya katikati ya malori. Wiki chache baadaye alituma ujumbe kuwa amefaulu.

Hadi leo, basi likipita limebeba magunia juu, mama hunyoosha shingo kulitazama mpaka lipotee.

"Hayupo," huniambia, kisha hurudi kwenye kahawa zake.