Nyumba Yenye Kaburi Uani

Mwenye nyumba wetu alikuja Jumapili asubuhi, akakaa kwenye benchi la nje, akakataa chai. Nilijua hapo hapo kwamba hakuja kutusalimia. Alisema kijana wake anaoa, na vile vyumba viwili tulivyopanga ndimo atakamoanzia maisha. Hakutufukuza. Alituomba tutafute pengine taratibu, ila tuwe tumeondoka kabla ya harusi. Mume wangu akamshukuru kwa kutuambia mapema. Alipokwenda zake tulibaki tukitazamana, na binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama, anazunguka meza kwa kuishikilia.

Sote wawili tulikuwa wageni Kasulu. Mimi ni muuguzi, kwetu Muheza, na nilipopangiwa kazi huku sikuwa na sweta hata moja. Asubuhi ya kwanza nilitetemeka wodini mpaka mgonjwa mmoja akanipa khanga yake nijifunike. Mume wangu ni bwana shamba, mtu wa Singida. Tulikutana huku, tukaoana huku, mtoto tukampatia huku, lakini kila jambo letu lilianza na neno "tukihamishwa". Hatukununua kabati kwa sababu tukihamishwa litakuwa mzigo. Hatukupanda hata mchicha.

Mume wangu ndiye aliyesema kwanza. Tulikuwa tunakula, akaweka tonge chini, akasema amechoka kungoja uhamisho usiokuja.

"Tununue nyumba," alisema.

"Na tukihamishwa?"

"Tutaipangisha. Lakini mtoto awe na kwao."

Niliposema jambo hilo kwa mama kwenye simu, aliniuliza kama nimesahau njia ya kurudi. Kwake yeye mtu hujenga kwao, na ugenini hupanga. Ndugu wa mume wangu nao walisema yao. Hatukubishana na yeyote. Tuliomba mkopo wa watumishi, tukaanza kutafuta.

Nyumba ya kwanza tuliipata kupitia dalali mmoja mcheshi. Ilikuwa karibu na kazini kwangu, imepigwa plasta vizuri, ina bomba ndani ya ua. Tuliipenda mno. Tukiwa njiani kurudi tulishaamua kitanda cha mtoto kikae chini ya dirisha lipi. Siku tuliyorudi kupima vyumba, mama wa nyumba ya jirani alinivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama na sisi tumeshatoa chochote, maana kabla yetu walikuja wengine wawili na wote waliambiwa ni yao. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akathibitisha kwamba ugomvi wa nyumba ile uko mezani kwake. Dalali akaacha kupokea simu zetu. Hatukuwa tumempa kitu, na watu walituambia tushukuru Mungu. Tulishukuru. Lakini wiki nzima mume wangu hakutaka kusikia habari za nyumba.

Ya pili nilielezwa na muuguzi mwenzangu. Alisema kuna mjane mwishoni mwa mji, upande wa barabara iendayo Kibondo, anauza taratibu, hataki madalali. Tulikwenda asubuhi moja, mtoto mgongoni. Alitupokea kama wafanyavyo Waha, wenyeji wa huku, kwa kuinama kidogo na kupiga makofi mepesi, akitoa salamu ndefu isiyo na haraka. "Mwakeye," alisema, nami nikaitikia kwa Kiha changu cha wodini, akacheka kwa furaha.

Nyumba yenyewe haikuwa ya kujivunia. Matofali ya kuchoma bila plasta, mabati yaliyoanza kushika kutu, jiko la nje, mparachichi mkubwa, migomba, na miche michache ya kahawa. Lakini ndani kulikuwa na sakafu nyekundu iliyosuguliwa ikang'aa, na vyumba vilikuwa na hewa. Binti yetu aliteremshwa, akashika ukuta, akaanza kuizunguka sebule kama mtu anayekagua. Mjane alimtazama, akasema huyo ameshapapenda. Alituambia anakwenda Kibondo kuishi na bintiye, kwa sababu magoti yamekataa shamba. Mkwewe zamani alifanya kazi katika kambi ya wakimbizi ya Mtendeli. Kambi ilipofungwa aligeukia biashara ya mahindi, na sasa wana chumba cha kumweka mama.

Niliomba kwenda chooni. Nilipita jikoni, nikakata kona, na hapo, hatua chache kutoka ukutani, nikaliona kaburi. Limesakafiwa kwa saruji, lina msalaba, na pembeni yake yamepandwa maua mekundu.

Nilirudi sebuleni nikiwa nimebadilika uso. Mjane alielewa bila kuambiwa.

"Ni mume wangu," alisema. "Sikutaka kuwaficha. Nilitaka muione nyumba kwanza."

Njiani nilimwambia mume wangu kwamba siwezi. Kwetu maiti hulala na maiti wenzake, mbali na sufuria za watu. Nilimwuliza mtoto atacheza wapi. Yeye alisema kwao Singida watu huzikwa shambani na watoto hucheza na hakuna kinachotokea, lakini hakunilazimisha. Alisema tu kwamba kama nimekataa, ni vizuri twende tumwambie yule mama ana kwa ana, asiendelee kutungoja.

Nilikwenda mwenyewe, siku ya mapumziko yangu. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda karibu na kaburi, anamenya maharage mabichi. Akaniletea kigoda kingine. Sikuona namna ya kusema hapana nikiwa nimesimama, kwa hiyo nilikaa, na nilipokaa mikono yangu ikaenda yenyewe kwenye maharage. Tulimenya pamoja. Halafu nikamwuliza kwa nini alimzika pale.

"Alichagua mwenyewe," alisema. "Alisema kule makaburini kuna upepo."

Akaanza kunisimulia. Mumewe alikuwa mtu mkubwa, fundi wa kupasua mbao, sauti yake ikisikika mpaka barabarani, lakini alikuwa anaogopa radi. Ikianza kunguruma alikuwa akija jikoni alipo mkewe, anajifanya anatafuta kiberiti. Alitafuta kiberiti miaka yote ya ndoa yao, na kila mara kilikuwa mfukoni mwake. Mjane alicheka mpaka akafuta macho, nami nikacheka. Nilipolitazama tena lile kaburi, sikuona tena kitu cha kutisha. Nilimwona mzee aliyetaka kukaa karibu na jiko.

Alisema waliotangulia kuja kununua walitaka amfukue. Mmoja alijitolea kugharamia kazi hiyo.

"Nikamwambia, mimi nauza nyumba, siuzi mume wangu."

Nilimwuliza akishahamia Kibondo atakuja vipi kumwona. Mikono yake ikasimama.

"Hilo ndilo linaloninyima usingizi, mwanangu. Mtu akinunua anafunga geti. Nitapiga hodi mara ngapi kabla hajanichoka?"

Sijui lile wazo lilitoka wapi. Nilimwambia kwamba ule upande wa kaburi unapakana na kichochoro kinachotoka barabarani. Kipande hicho kinaweza kukatwa, kibaki chake, chenye njia yake, aingie na kutoka bila kumwomba mtu. Akaniuliza kama mume wangu anajua ninachosema. Nikamwambia bado.

Mume wangu alikuwa amekwisha anza kuulizia nyumba nyingine. Nilipomweleza, aliniangalia kama anayehakikisha ni mimi.

"Si ulikwenda kukataa?"

"Nilikwenda kukataa."

Tulielewana bei na yule mama bila vuta nikuvute. Mwenyekiti wa mtaa akapanga siku ya kuwaita majirani wa mipaka, ili waone vipimo na washuhudie mauzo. Nilikwenda sokoni nikatazama vitambaa vya mapazia. Sikununua; nilivishika tu.

Siku yenyewe ilipofika, kabla hata mwenyekiti hajafungua kikao, aliingia mzee mwembamba mwenye koti refu na buti za shamba. Alikuwa mdogo wake marehemu, ametoka Rungwe Mpya na basi la alfajiri. Alisema ardhi ile ni ya kaka yake, na kaka yake ni wa ukoo, na ukoo haujauza. Mjane alijaribu kumwita shemeji, mzee akamjibu kwa Kiha maneno ambayo hakuna aliyetaka kunitafsiria. Mwenyekiti aliahirisha kikao. Alituita pembeni, akasema karatasi za mirathi za yule mama ziko sawa na mahakama inazijua, sheria haina shida.

"Lakini ninyi mtaishi hapa," alisema. "Sheria haitakuja kuwasalimia asubuhi."

Harusi ya kijana wa mwenye nyumba wetu ikafika, tukaondoka kama tulivyoahidi. Muuguzi mwenzangu alitupa chumba kimoja nyumbani kwake. Vitu vyetu tulivipanga mpaka darini, godoro la mtoto tukalitandika juu ya masanduku mawili. Mvua zilikuwa zimeshika, nguo hazikauki, mtoto akapata kikohozi. Safari hii mume wangu ndiye aliyetaka kuacha. Alisema kununua nyumba ya ugomvi ni kununua ugomvi, nyumba unapewa nyongeza. Na mimi niliyekuwa nikiliogopa kaburi nilijikuta ndiye ninayemsihi. Nilimwambia ajaribu kumwona yule mzee mara moja tu, kwake, bila mwenyekiti wala mashahidi. Akikataa, basi.

Alikwenda Rungwe Mpya kwa pikipiki ya kazini, siku ambayo njia yake ilikuwa ya huko huko. Jioni alirudi na matope mpaka kiunoni, ametulia. Alinieleza kwamba yule mzee hakumkaribisha ndani, lakini hakumfukuza. Walisimama kwenye shamba la mihogo, wakazungumza. Mume wangu hakutaja mauzo. Alimwuliza tu amesikia nini. Mzee akasema amepigiwa simu, akaambiwa wageni wamenunua nyumbani kwa kaka yake na watamwaga zege juu ya kaburi wajenge banda la kuku. Aliposikia habari ya kipande cha kaburi na njia yake, alisema hakuna aliyemweleza hilo. Shemeji yake aliona aibu kumweleza, naye aliona aibu kuuliza.

Jumamosi mzee alikuja. Safari hii alimsalimia mjane kwa makofi na kuinama, naye akamwitikia. Alikwenda moja kwa moja mpaka kaburini, akavua kofia, akasimama. Kisha akaomba aonyeshwe njia. Mume wangu na mwenyekiti walikuwa wamechomeka vigingi pande zake mbili. Mzee alipita katikati yake akienda na kurudi, akatikisa kichwa.

"Nyembamba," alisema. "Shemeji yangu anazeeka. Atakuja na mtu wa kumshika mkono. Njia iwe ya watu wawili."

Mume wangu aling'oa vigingi vya upande wetu, akavisogeza ndani. Hakuuliza ni eneo kiasi gani tunalipoteza, nami sikuuliza. Mzee akapima tena kwa macho, akaitikia kwa kichwa. Siku ile ile majirani waliitwa, na shahidi wa kwanza kutia sahihi upande wa muuzaji alikuwa yeye. Mjane alilia kidogo, akasema ni moshi, ingawa hakuna aliyekuwa amewasha moto.

Tulihamia mwezi huo huo. Mvua ya kwanza ilituonyesha kwamba bati la chumbani linavuja sehemu tatu, nasi tukapanga mabeseni, tukacheka kama watoto, kwa sababu kwa mara ya kwanza bati lililovuja lilikuwa letu na hakukuwa na wa kumlalamikia. Majirani walikuja na parachichi na ndizi, ingawa miti hiyo tulikuwa nayo. Binti yetu aliachia ukuta akiwa kwenye sakafu ile nyekundu, akapiga hatua zake, akaketi kwa kishindo. Mama yangu alipoona picha kwenye simu aliniuliza sakafu hiyo inasuguliwa kwa kitu gani, na nilijua kwamba ameanza kukubali.

Mjane alikuja mara ya kwanza baada ya mavuno ya maharage. Alifika na mjukuu wake wa kike, msichana mkubwa, ambaye kweli alikuwa amemshika mkono. Nilikuwa nafua uani, nikawaona wanapita njia yao. Walifagia, wakang'oa magugu, wakakaa. Sikuwaendea. Niliona ni zamu yao na mzee wao.

Baadaye nikasikia sauti kwenye mlango wa mbele.

"Hodi."

Mtu aliyeishi katika nyumba ile maisha yake yote ya ndoa alikuwa amezunguka mpaka mbele, anangoja aruhusiwe. Nikasema karibu, karibu mama, huku nikifuta povu mikononi. Aliingia polepole, akavua viatu mlangoni. Alitazama mapazia, akayasifu. Alitazama pale tulipotoboa ukuta kuongeza dirisha, akasema marehemu alikuwa akiahidi kufanya hivyo kila mwaka.

Nilimwuliza kama atakula nasi, maana samaki aina ya migebuka walikuwa tayari motoni. Akasema atakula, lakini safari ya kutoka Kibondo imemchosha, na kama haitakuwa usumbufu angependa kujinyoosha kidogo kwanza. Nilimpeleka chumba cha nyuma. Alijilaza kitandani kwa ubavu, uso kuelekea ukuta wa upande wa kaburi, na kabla sijafika mlangoni alikuwa ameshalala.

Mume wangu alirudi kutoka kazini akaanza kusema jambo kwa sauti. Nikamwonyesha kwa kidole kule chumbani. Alichungulia, akavua buti zake nje, akaja jikoni kunisaidia kusonga ugali.